Guangzhou Nje ya Maduka ya Jumla

Wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaokwenda Guangzhou, kusini mwa China, huujua mji huo kwa masoko yake tu. Hufikia mtaa wa Xiaobei, ambako hoteli, mikahawa ya halali na ofisi za mawakala wa mizigo zimebanana kama maduka ya Kariakoo, huzunguka kutafuta nguo, simu na vipuri, kisha hufunga mizigo na kurejea nyumbani. Mimi nami nilikwenda kwa shughuli hizo hizo. Hata hivyo, wakati bidhaa zangu zikisubiri kupakiwa kwenye kontena, niliamua kuuzunguka mji wenyewe, na sasa naona kwamba mtu aliyelipa nauli ya kufika kule asiione Guangzhou hii nyingine amejipunja.

Nilianzia Msikiti wa Huaisheng, ulio katika barabara ya Guangta. Mapokeo ya Waislamu wa China yanasema kwamba uliasisiwa katika karne ya 7, zama za utawala wa Tang, na sahaba wa Mtume, Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wengi wanaitilia shaka habari hiyo, na hata kaburi linalonasibishwa naye mjini humo halipatani na kauli ya wanazuoni kwamba alizikwa Madina. Lakini hakuna anayekataa kwamba msikiti huu ni miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya China. Mnara wake wa mviringo, wenye urefu wa mita 36 hivi, umepakwa rangi nyeupe na hauna nakshi yoyote. Inasimuliwa kwamba zamani, mto ulipokuwa ukipita karibu zaidi, mnara huo uliwaongoza mabaharia kuingia bandarini. Ukumbi wa swala, kwa upande wake, una paa la vigae lililopinda pembeni kwa mtindo wa Kichina, na mgeni kutoka pwani yetu huhitaji muda kidogo kuyazoesha macho yake. Nilikumbuka vipande vya kaure ya China vilivyofukuliwa Kilwa Kisiwani na Gede: biashara baina ya bahari yetu na bandari za huku ilikuwapo kabla ya kontena la kwanza kutengenezwa.

Mahali paliponishika zaidi ni Jumba la Ukoo wa Chen, lililokamilika mwaka 1894. Koo zenye jina la Chen kutoka wilaya mbalimbali za Guangdong zilichanga fedha kulijenga, ili watu wake wapate pa kuwaenzi wazee wao na vijana wao wapate pa kufikia walipokuja mjini kufanya mitihani ya kuingia katika utumishi wa mfalme. Mitihani hiyo ilifutwa mwaka 1905, kwa hiyo jumba halikuitumikia kazi hiyo kwa muda mrefu. Leo ni makumbusho ya sanaa za jadi. Ukisimama uani na kuinua macho, utaona kwamba mgongo wa paa umejaa sanamu za udongo wa kuchoma zilizotiwa rangi ya kijani, manjano na buluu: majenerali wenye ndevu, wanawake waliochungulia roshanini, popo na simba, zote zimebanana kana kwamba fundi aliogopa kuacha nafasi tupu. Kutani kuna matofali ya kijivu yaliyochongwa kwa undani hata nyuzi za pazia zinaonekana. Nilikaa humo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Kisiwa cha Shamian, kilichokuwa eneo la Waingereza na Wafaransa katika karne ya 19, kina miti mikubwa na majumba ya Kizungu yanayopendwa na maharusi wanaopiga picha. Panafaa kupumzika, basi.

Upande wa mji mpya, Mnara wa Canton ndio unaotawala macho. Una urefu wa mita 600, ulifunguliwa mwaka 2010, mwaka ambao Guangzhou iliandaa Michezo ya Asia, na nguzo zake za chuma zimesokotwa hata katikati ukawa na kiuno chembamba. Tiketi hupanda bei kadiri unavyotaka kwenda juu, na siku ya ukungu unalipia kuona wingu. Kwa maoni yangu, mnara huu hutazamwa vizuri zaidi usiku, taa zikiwaka, kutoka ng'ambo ya mto. Ng'ambo hiyo hiyo ndiko liliko Jumba la Opera lililosanifiwa na Zaha Hadid, mzaliwa wa Baghdad, ambaye alilipatia umbo la mawe mawili yaliyolainishwa na maji ya mto. Watu huruhusiwa kulizunguka kwa nje, na nilipofika watoto walikuwa wakikimbizana kwenye njia zake za mteremko bila mlinzi yeyote kuwafukuza.