Aliacha vidonge kwa sababu "amepona"

Mdogo wangu ni fundi cherehani hapa Morogoro mjini, na kama una fundi wako unajua Januari ikoje. Wazazi wote wanakumbuka sare wiki moja hiyo hiyo, kila mtu anataka Jumatatu asubuhi mwanae awe amevaa, basi fundi halali. Mwaka huo alikuwa anashona mpaka saa 9 usiku, saa 12 asubuhi ashafungua kibanda. Na juu ya boksi la vifungo kulikuwa na bahasha mbili za dawa za kifafa, zile za karatasi za kliniki zimeandikwa 1x1 usiku kwa peni ya bluu, hajazigusa tangu kabla ya Krismasi. Sikujua. Ningejua ningepiga kelele mpaka mtaa wa pili wasikie.

Sababu alikuja kuniambia baadaye na ukiisikia huwezi hata kumkasirikia sana. Miaka miwili na miezi hajaanguka hata siku moja. Halafu zile fenobabitoni zinampa usingizi, akimeza saa 3 basi saa 5 anaunga mguu wa suruali ndani nje. Akajiambia mi nimepona bwana, hizi naendelea kumeza za nini.

Alhamisi jioni akasikia harufu ya mpira unaoungua. Hiyo harufu anaijua tangu mtoto, ndo inayomtangulia kabla ya kuanguka, ila siku hiyo pasi ya mkaa ilikuwa mezani juu ya sketi ya mtu, akadhani anaunguza kitambaa. Akainua pasi aangalie. Kitambaa kizima. Kinachofuata hakikumbuki, tumehadithiwa na watu: alianguka na pasi mkononi, mkaa ukamwagika, kiganja kikaungua. Mama mmoja mteja akapiga kelele msimguse, mate yake yanaambukiza. Kijana wa banda la simu, huyu namshukuru kwa moyo wake, akakimbia na kijiko akakilazimisha mdomoni, jino la mbele likakatika nusu. Mtetemeko ukaisha, hajazinduka ukaanza tena, ukaisha, ukaanza mara ya tatu. Wakampakia kwenye bajaji.

Hospitali wakampa dayazepamu, ile ya kukata mtetemeko, kwenye mshipa na oksijeni. Daktari hakuuliza ana nini, kadi aliiona. Aliuliza swali moja tu: "Ameacha dawa lini?"

Sasa naomba niongee kama dada mtu sio kama daktari, ila haya nimeyauliza mara nyingi mno pale kliniki mpaka nesi ananiita mwanafunzi wake. Kifafa ni umeme wa ubongo. Chembe za ubongo zinaongea kwa vijimkondo vidogo vidogo vya umeme, kwa zamu na kwa utaratibu, ikitokea kundi zima linawaka kwa pamoja ndo mtu anaanguka au anakauka au anatetemeka. Ikianzia sehemu moja tu inaweza isimwangushe kabisa, mkono mmoja unacheza peke yake, au anatafunatafuna mdomo hana kitu, au ndo hiyo harufu ya mpira. Ile harufu ndo ilimwonyesha daktari kwamba kwa mdogo wangu inaanzia upande wa pembeni wa ubongo kisha inasambaa. Kuna na watoto ambao hawaanguki kamwe, wanatoa macho sekunde kumi hivi wanarudi, darasani wanaitwa wazembe na wanachapwa kwa kuzubaa, hilo linaniuma sana maana mwalimu anachapa ugonjwa.

Na sio kila aliyeanguka mara moja ana kifafa. Sukari ikishuka sana unaweza kuanguka, mlevi akiacha pombe ghafla anaanguka, mtoto akichemka homa anapata degedege. Kifafa wanakisema pale inapojirudia bila sababu ya papo kwa papo.

Degedege ndo lilikuwa kwetu. Bibi yetu mpaka anakufa aliamini kuna dege linapita usiku juu ya nyumba, kivuli chake kikimwangukia mtoto basi anakakamaa, na mtoto wa degedege ukimchoma sindano anakufa. Mdogo wangu alipolipata ana miaka mitatu, malaria imepanda kichwani, alifukizwa kwanza kwa kinyesi cha tembo (kinauzwa, usicheke) na masaa yakapita hapo. Simlaumu bibi, enzi zake watoto waliopelekwa hospitali walipelekwa wameshachelewa, wakachomwa sindano wakafa, na yeye akaona alichoona. Ila malaria ya ubongo ikichelewa inaweza kuacha kovu, na kovu ndo mahali umeme unapopotea njia miaka baadaye. Juu ya hapo mama anasema alipozaliwa alichelewa kulia, yani alikosa hewa, na hiyo nayo ni sababu kubwa ya kifafa huku kwetu. Ipi kati ya hizo mbili? Daktari kasema huenda zote, na haibadilishi dawa.

Nyingine ni homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa (bodaboda bila helmeti, mnajua wenyewe), na kwa watu wazima kiharusi, mzee ambaye hajawahi kuanguka maisha yake yote akianza kuanguka na miaka sitini msikimbilie mganga kuuliza nani kamtupia, angalieni presha. Wengine hawapati sababu yoyote, wanapimwa na mashine ya picha kichwa kizima safi.

Halafu kuna ya minyoo ambayo watu hawaiamini nikiwaambia. Tegu wa nguruwe. Ukila nyama ya nguruwe haijaiva yenye vile vifuko vyeupe kama punje za mchele, unapata mnyoo tumboni tu. Ila mwenye mnyoo tumboni akijisaidia porini au asiponawa mikono, mayai yanaingia kwenye maji, kwenye mboga, kwenye chakula anachokupikia, na wewe ukiyameza mayai ndo yanaenda kujenga vifuko kwenye ubongo wako. Kwa hiyo hata ambaye hajawahi kula kitimoto maisha yake anaweza kupata kifafa cha nguruwe. Kule Mbulu, mkoa wa Manyara, wataalamu wamelichunguza sana hili. Na tafadhali usisome hapa ukakimbilia duka la dawa kumeza albendazo, ile dawa ya minyoo, kwa sababu una kifafa, vifuko vikifa ghafla ubongo unavimba, hiyo inatibiwa hospitali pamoja na dawa za kuzuia uvimbe.

Na huku huku mkoa wetu, ukipanda Mahenge kule Ulanga, kifafa ni kingi kupita kawaida tangu zamani. Kuna daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kule mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa wametengwa, wana makovu ya moto mwili mzima kwa sababu wakiangukia motoni watu wanaogopa kuwagusa. Fenobabitoni ile ile anayomeza mdogo wangu ndo aliyowapa, na watu wakaacha kuanguka. Aliandika pia kuhusu watoto ambao kichwa kinadondokadondoka kama mtu anayesinzia kwenye basi, kitu ambacho baadaye kikaja kuonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Siku hizi wataalamu wengi wanakiunganisha na usubi, ule ugonjwa wa inzi weusi wa kwenye mito inayokimbia, kwa hiyo zile dawa za usubi mnazogawiwa kijijini mkazitupa kwa sababu eti zinawasha, mezeni jamani.

Turudi kwenye dawa maana ndo nilichokuja kusema. Fenobabitoni ipo tangu 1912, ni ya bei ndogo na inafanya kazi, ubaya wake ni usingizi, na kwa watoto wengine inawafanya watukutu hawatulii. Ukiizoea ukaikata ghafla ubongo unalipiza, ndo kilichotupata, kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, na hiyo inaua. Kabamazepini ni nzuri kwa kile kifafa kinachoanzia sehemu moja, ila ukiona vipele au malengelenge wiki za mwanzo rudi hospitali siku hiyo hiyo, na inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, kina dada hawaambiwi hili wanashangaa mimba imetoka wapi. Sodiamu valproeti ina nguvu ila kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ni hatari kwa mtoto, lazima uongee na daktari kabla, na ukishashika mimba ukiwa unaimeza usiiache mwenyewe kwa hofu, nenda kliniki kesho yake. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Saba! Na sisi tunao mtaani wanafungiwa vyumba vya uani.

Hata hilo la kuacha dawa lipo, sio kifungo cha maisha kwa kila mtu. Ukikaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka daktari anaweza kufikiria kupunguza, robo kidonge kwanza, mnasubiri, robo tena, miezi inapita. Yani mdogo wangu alikuwa amefika kabisa kwenye muda wa kwenda kuuliza. Hakuuliza. Na najua kwa nini hakuuliza: dawa za kifafa kwetu zinatolewa kliniki ya akili, unakaa benchi lile ambalo kila anayepita anakuangalia, na kijana wa miaka 24 ana mchumba hataki kuonwa pale. Mwezi mmoja unaenda unaambiwa fenobabitoni imeisha njoo wiki ijayo, wiki ijayo nayo hakuna, unanunua nje. Ukichanganya aibu na foleni na usingizi, mtu anapona mwenyewe kichwani mwake.

Yule kijana wa kijiko nilienda kumshukuru na nikamwelekeza hapo hapo kwenye banda lake, tukiwa tumesimama katikati ya makava ya simu. Mtu akianguka ondoa vitu vya moto na vya ncha, mwekee nguo chini ya kichwa, legeza kola, mlaze ubavu mate yatoke. Usimshike kwa nguvu. Usitie kitu mdomoni, ulimi haumezwi jamani, haumezwi! Usimnusishe kiatu wala kitunguu, usimpe maji mpaka azinduke kabisa. Angalia saa. Ikipita dakika tano au ikirudi hajazinduka, ndo bajaji. Na mate yake hayaambukizi kitu, ni povu la mtu anayehema meno yamebana. Akaniuliza, "Sasa dada jino lake nitalilipaje?" Nikamwambia amwekee glasi ya simu bure, yakaisha.

Daktari akamwanzishia kabamazepini kidogo kidogo huku ile ya zamani ikipunguzwa pole pole. Usingizi umepungua. Alamu ya simu inalia saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, wateja wote wanaijua, akichelewa wanamkumbusha wenyewe. Pasi ya mkaa ameiacha, anapeleka nguo kupigwa pasi kwa jirani mwenye umeme. Mchumba alimwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa watu, akajibiwa mjomba wangu anayo, unameza ipi?

Januari hii amebandika karatasi mlangoni, MWISHO SAA 4 USIKU, maana kukosa usingizi nako kunamwangusha hata akiwa amemeza. Kuna mama alinuna kwa ajili ya sketi mbili, akazibeba akampelekea fundi wa nyuma ya soko anayekesha. Jumapili jioni karudi nazo, zote mbili zimeishia juu ya magoti.