Leo kompyuta yangu imeamka mwaka 2009

Jana usiku stima ilipotea hapa Kawangware. Asubuhi imerudi, nikafungua saiba kama kawaida.

Saa tatu hivi akaingia mama na bintiye. Fomu ya chuo, mwisho leo. Kila tovuti nikifungua inagoma, eti si salama. Nikazima ruta, nikawasha. Nikalaumu bando. Wapi!

Binti ndiye aliyenyoosha kidole kwenye kona ya skrini.

"Kaka, mbona hapa ni 2009?"

Kweli, 1 Januari 2009. Yeye mwenyewe alikuwa bado ananyonya!

Kumbe ile betri ya CR2032, ndogo kama sarafu, inayotunza saa ndani ya kompyuta, imekufa. Stima ikikatika, hakuna wa kuhesabu saa. Na vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza; kwa mashine iliyo 2009, vyote bado havijazaliwa.

Nikaweka tarehe kwa mkono (ikipotoka mno, programu nyingine hukataa kuirekebisha), kisha nikaielekeza pool.ntp.org, kundi la seva za saa mtandaoni. Inauliza seva saa, inapima jibu limekawia kiasi gani njiani, inajirekebisha. Seva hutoa UTC, saa ya pamoja ya dunia; Nairobi tunaongeza saa 3.

Nikaona sekunde zikiruka kutoka 12 hadi 51, hivi hivi.

Mama akacheka: "Kumbe hata mashine huuliza saa, kijana wangu?"

Fomu imeenda. Chai sijanywa mpaka sasa.

Wadau, pale Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme, hiyo betri wanauza ngapi siku hizi? Na nani mwingine ameshawahi kurudishwa nyuma hivi?