Kawagoe, nje kidogo ya Tokyo
Mnaokwenda Kawagoe, mkoa wa Saitama, angalieni stesheni kwanza: zipo Kawagoe, Kawagoeshi na Hon-Kawagoe, na watu huzichanganya kila siku. Treni ya kampuni ya Tobu kutoka Ikebukuro, Tokyo, ni kama dakika 30, inafika Kawagoe. Ya kampuni ya Seibu kutoka stesheni ya Seibu-Shinjuku inaishia Hon-Kawagoe, karibu zaidi na mtaa wa maghala ya kale, robo saa hivi kwa miguu. Kadi ya Suica, ile ya kulipia nauli, inatosha, ila treni ya mwendo wa kasi ya Seibu inadai tiketi ya ziada. Wenye JR Pass, tiketi ya watalii ya treni za kampuni ya JR, pandeni JR. Tobu na Seibu haziikubali.

Maghala yale meusi yana kuta nene za udongo. Moto wa 1893 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, majengo ya namna hiyo yakabaki yamesimama, wafanyabiashara wakajenga upya kwa mtindo huohuo.

Kengele ya Toki no Kane, mnara wa saa wa mji, hulia mara nne tu kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na saa 12 jioni. Viazi vitamu ndiyo sifa ya mji, hata aiskrimu yake ya zambarau. Beba mfuko wa taka, mapipa ni ya kutafuta kwa tochi. Na magari yanapita katikati ya mtaa, msipige picha mkirudi kinyumenyume!