Saa ya Mkononi

Tumerudi jana usiku. Viatu bado vina tope la Norfolk, na mdogo wangu ameapa hasafiri tena nami kabla ya kuikagua saa yangu.

Ilikuwa safari ya siku mbili tu, kwenda kuwaona sili, wale wanyama wa baharini wanaonyonyesha, wa Blakeney, pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Nilichagua mwisho wa Oktoba kwa makusudi, maana ndipo sili wa kijivu wanapoanza kupanda mchangani kuzaa (vuli ya huku ni ya majani kupukutika, ingawa mvua nayo haikutusahau). Mashua huondokea kijiji cha Morston na hufuata maji. Yakijaa, zinapita horini. Yakipwa, hori linabaki tope na mashua zinalala ubavu. Nikajifanya mjuzi, nikakariri saa ya maji kujaa. Nilichosahau ni kwamba usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi, ndiyo niliyoivaa.

"Dada, saa kumi na mbili hii," sauti ilitoka chini ya blanketi.

"Saa moja. Amka."

Tulipofika ukingoni mwa vinamasi vya maji ya chumvi giza lilikuwa halijaisha vizuri. Hakuna mtu. Mdogo wangu akatoa simu, akaniwekea mbele ya uso bila kusema neno. Nilikuwa natafuta la kujitetea ndipo tukasikia kelele kutoka upande wa bahari, nyembamba, kama bawaba kavu za milango mingi zinazofunguliwa pamoja.

Bata bukini, wale wenye miguu ya waridi. Wanatoka Iceland na Greenland kuja kupisha baridi, hulala kwenye tope la pwani na alfajiri huingia bara kula mabaki ya viazisukari mashambani. Hayo nilikuwa nayajua. Sikujua kwamba wangepita chini kiasi cha kusikia mbawa zao, sauti ya hewa inayokatwa, tofauti kabisa na ile ya makoo. Mstari mmoja, kisha mwingine, ikipishana na kuungana. Nilijaribu kuwahesabu nikaachia njiani. Mdogo wangu, ambaye dakika moja nyuma alikuwa hanisemeshi, alinishika mkono wa koti na hakuuachia mpaka kundi la mwisho lilipozama nyuma ya miti.

Mashua tuliipata, na mapema mno! Abiria walikuwa wengi, kamera nyingi, na upepo wa Bahari ya Kaskazini unaoingia hadi masikioni. Nahodha alipunguza mashine mbali kidogo na ufuko. Mwanzoni niliona mawe. Kisha jiwe moja likajikuna.

Watoto walikuwa bado wachache. Mmoja alikuwa amezaliwa punde, manyoya meupe yenye umanjano wa majimaji ya uzazi, na shakwe wawili wakigombania kondo la nyuma pembeni. Mama alimgeukia, akamnusa puani, akamnusa tena. Ndivyo anavyomtambua, na ndiyo sababu mtu hapaswi kumsogelea. Atamnyonyesha kama siku 18 bila yeye mwenyewe kula, maziwa yenye mafuta mazito kiasi kwamba mtoto huongezeka karibu kilo 2 kwa siku. Kisha anaondoka. Mtoto hubaki mchangani, akibambuka ule weupe, hadi njaa imsukume majini.

"Anaondoka tu?" mdogo wangu aliuliza.

"Anaondoka."

"Hata kumfundisha kuvua?"

Hata hilo hafanyi. Lakini mwaka 2001 walizaliwa hapo watoto 25 pekee. Siku hizi ni wengi hata wahifadhi wameacha kuhesabu mmoja mmoja. Niliyasema hayo kwa sauti ya kufariji, lakini yeye alikuwa bado anamtazama yule wa manjano, aliyekuwa akitafuta chuchu upande usio na chuchu.

Harufu yao, wallahi, picha hazikuambii. Samaki aliyelala juani siku tatu.

Njiani kurudi alisinzia garini. Saa ya gari nayo ilikuwa mbele kwa saa nzima. Nilinyoosha kidole kuirekebisha, nikakirudisha kwenye usukani.