Banda la Kuni la Mama

Mama alitaka banda lenye kuta nne na mlango. Kuni zake zilikuwa zimelala muda mrefu bustanini, zimefunikwa turubai mpaka chini. Kila ulipolifunua ulikuta upande wa ndani umelowa kama mtu aliyetoka jasho, magome yameota ukungu, na magogo ya chini yameshikana na udongo. Motoni zilitoa povu kwenye ncha, zikafuka moshi tu. Mama alikuwa akipika huku macho yamemwiva. Kwa hiyo mjomba, ambaye ni seremala, aliposema banda halitakuwa na kuta, mama hakukubali hata kidogo.

"Na mvua je?"

"Mvua tutaizuia kwa paa, dada. Kinachokusumbua ni maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe. Ukizifungia, yatatokea wapi?"

Nilikuwa kijana wakati huo, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia kwamba karibu nusu ya uzito wa mti uliokatwa leo unaweza kuwa maji. Kuni nzuri ya kuwasha inatakiwa ishuke chini ya asilimia 20. Ukiiwasha kabla ya hapo, moto unafanya kwanza kazi ya kuyachemsha maji hayo, na moshi ule wa kukera ni gesi za mti zilizokosa joto la kutosha kuungua. Mjomba alieleza haya bila haraka, akimtazama mama, maana banda lilikuwa lake.

Akachota vumbi la msumeno, akaliachia hewani ili aone linakopeperukia. Alirudia sehemu kadhaa za bustani. Mwishoni tulichagua pahali palipo wazi, mbali na ukuta wa nyumba, kwa sababu kuni huvuta mchwa na hakuna sababu ya kuwaonyesha njia ya kuingia ndani. Nguzo hatukuzifukia. Mti huanza kuoza pale pale unapotoka ardhini, penye unyevu na hewa kwa pamoja. Tuliziketisha juu ya mawe bapa, na sakafu tukaiinua sentimita 20. Mchwa wakitaka kupanda itawabidi wajenge vijia vyao vya udongo juu ya jiwe, navyo utaviona mapema na kuvibomoa.

Fremu ya sakafu ilikuwa na urefu wa sentimita 240 na upana wa 80, upana unaotosha safu mbili za kuni zenye nafasi katikati. Mimi nilishika ncha ya tepu. Tulipima mshazari mmoja, yaani kutoka kona hadi kona inayoikabili, kisha wa pili, tukagongagonga kona mpaka yote miwili ikasoma 253. Hapo ndipo pembe zinapokuwa mraba. Mbao za sakafu tuliziachia mapengo ya vidole viwili, na za ubavuni vilevile.

Ila jambo lililonikaa moyoni mpaka leo ni lile la mshazari wa nyuma. Nguzo zilikuwa zimesimama, boriti za juu zimefungwa, timazi inasema kila kitu kiko wima. Mjomba akaisukuma fremu kwa kiganja kimoja, ikalala upande. Akairudisha, akapigilia ubao mmoja tu kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, kisha akaniambia nisukume. Nilisukuma kwa bega, kwa nguvu zangu zote. Haikutikisika. Umbo la pembe nne hukunjika kwenye viungo vyake, lakini pembe tatu haina pa kukunjikia, na banda lisilo na kuta linasimama kwa hilo. Kuni mbichi zikijaa humo uzito wake unapita tani moja. Nimeshaona mabanda mengi yaliyoegama kwa kukosa ubao mmoja wa namna hiyo, na bado huniuma kuyaona.

Paa lilikuwa kazi nyepesi: bati, mteremko wa kupeleka maji nyuma, na ukingo uliotokeza vya kutosha mbele.

Tukachanja magogo yote. Gome ni koti la mti, linazuia maji yasitoke, hivyo gogo lisilopasuliwa hukauka polepole mno. Kuni mbichi tulizipanga kushoto, zile zilizokaribia kukauka kulia, ili mama asizichanganye.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, ikapiga kwa ubavu. Mama alitoka ilipokatika, akapitisha mkono katikati ya kuni. Ncha za nje zilikuwa zimelowa, ndani kukavu. Akarudi tena alasiri, ncha nazo zilikuwa zimekauka. Hakusema kitu kwa mjomba, ila lile turubai alilikunja akaliweka stoo.

Baada ya miezi, ncha za kuni za kushoto zilianza kupasuka nyufa, gome likawa linabanduka kwa mkono. Mama alijifunza kugonganisha vipande viwili: kuni kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mshindo mzito. Mwaka uliofuata alitaka tuongeze chumba cha vijiti vya kuwashia moto. Safari hiyo yeye ndiye aliyenishikia tepu, na ndiye aliyesisitiza nyuma pasizibwe.