Gari limeshasema lina shida, sasa wewe wa dila unampigiaje mwenye gari?

Mi nakaa dawati la sevisi kwenye dila moja ya magari, yaani duka la kuuza magari lenye gereji yake, hapa Ohio, Marekani, yaani ndo yule mtu unayemkuta ukileta gari, napokea funguo, nasikiliza malalamiko, namkabidhi fundi alafu nakupigia kukwambia bei. Watu wa nyumbani wananiuliza sana siku hizi, haya magari yanayotuma taarifa zake yenyewe kwa kampuni yanafanyaje na dila anapata nini hapo. Hii kitu naishika kila asubuhi na nina maoni nayo makali kidogo, wacha niyaandike.

Kwanza ujue pesa ya dila iko wapi. Gari jipya linaleta mauzo makubwa ila faida yake nyembamba sana, kinachobeba biashara ni gereji, oili, breki, tairi, betri, vitu hivyo. Na shida ya miaka yote ni kwamba waranti, ile dhamana ya mtengenezaji, ikiisha mteja anapotea, anapata fundi wake mtaani na humuoni tena. Zamani dila alikuwa anabahatisha, anaangalia ulinunua lini, anakisia umeshatembea kiasi gani, anakutumia kadi ya posta. Kijana anayebeba abiria usiku na mchana na bibi anayetoka Jumapili tu kwenda kanisani wote wanapata kadi ile ile mwezi ule ule, wote wanaitupa.

Sasa hivi gari lina modemu na laini yake ndani. General Motors walianza na OnStar mwaka 1996, wakati ule ilikuwa zaidi mambo ya ajali na kuita msaada, leo karibu kila mtengenezaji ana ya kwake. Gari linatuma maili lilizotembea, asilimia ya oili iliyobaki, upepo wa tairi, hali ya betri, na zile namba za hitilafu ambazo fundi anazisoma akichomeka mashine chini ya usukani, mfumo ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote madogo kuanzia ya mwaka 1996. Taarifa inaenda kwanza kwenye seva za mtengenezaji, sio kwetu, alafu mtengenezaji anaipeleka kwa dila ambaye mteja amemchagua kwenye apu. Na ile asilimia ya oili msidhani kuna kitu kinaonja oili humo ndani, kwenye magari mengi ni hesabu tu, kompyuta inaangalia injini imezunguka kiasi gani na kwenye joto gani, inakadiria. Hesabu nzuri lakini ni hesabu.

Kwa hiyo asubuhi nafungua skrini nakuta orodha. Hapa ndo madila wengi wanaharibu, maana wameweka mashine, ikitokea taarifa yoyote mteja anatumiwa meseji ya "gari lako linahitaji huduma, weka miadi leo", basi. Mteja akipata tatu za hivyo anazima kila kitu na huyo umempoteza kabisa.

Niwape mfano wa baridi iliyopita. Mstari mmoja kwenye orodha: gari la familia, waranti imeisha, oili imebaki kama robo hivi, namba ya hitilafu P0128. Hiyo namba maana yake injini inachelewa kufika kwenye joto lake la kawaida, na mara nyingi ni themostati, kile kilango cha maji ya kupoza injini, imekwama ikiwa wazi. Dereva anaweza asihisi chochote zaidi ya taa ya injini kuwaka, gari linatembea vizuri tu, ila linakula mafuta zaidi na hita inapuliza upepo wa baridi, na baridi ya hapa Januari sio ya mchezo. Mwenye gari ni mama mmoja wa Bukavu, watu wa Kongo tunao wengi huku, nikampigia kwa Kiswahili.

"Jambo mama, napiga kutoka gereji ya gari lako. Gari limetutumia taarifa kwamba injini haipati joto vizuri. Hita yako inafanyaje?"

Akanyamaza kidogo. "Ile ya joto? Iko inapuliza baridi tu, ni siku mingi. Nilidhani gari iko hivi."

Nikamweleza ni nini, kwamba gari halitazimika njiani leo wala kesho, kwamba tukipima tukakuta sio themostati tutampigia kabla ya kugusa kitu, nikampa bei ya juu kabisa inayoweza kufika. Na oili nikamwambia bado, asibadilishe sasa hivi, ina muda. Akaja wiki ile ile, ilikuwa themostati kweli, tukaweka na kulanti mpya, yale maji ya kupoza injini. Oili ilipofika wakati wake alipiga yeye, na sa hivi gari la mume wake nalo linakuja kwetu.

Ndo maana nasema taarifa ya gari sio chambo cha kumvuta mtu, ni kitu unachokijua kuhusu gari lake kabla hajakijua yeye, na ukishakijua una deni la kumwambia ukweli wote, pamoja na ule usiokuletea hela. Ukimwambia mtu "hii bado" mara moja tu, ile utakayomwambia "hii haingoji" ataiamini.

Alafu sio kila kitu kinastahili simu. Tairi zote nne zikishuka upepo kidogo usiku mmoja wakati baridi imeingia, hiyo ni hewa tu imesinyaa, inashuka kama psi moja (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi kumi za Farenhaiti baridi inavyozidi, mwambie kwa meseji ajaze, bure. Ila tairi moja inayoshuka kila siku peke yake hiyo ina msumari, piga simu leo leo, kesho gari linamkwamia njiani. Betri inayolegea ni hivyo hivyo, thamani yake ni kabla gari halijagoma kuwaka, baada ya hapo ashamuita mwingine.

Kingine kinachosumbua ni gari kuuzwa. Gari linaendelea kutuma taarifa kwa namba yake ya chesisi lakini simu tuliyonayo ni ya mwenye gari wa zamani, unampigia anakwambia niliuza mwaka jana kwanini bado mnajua gari liko wapi, na ana haki ya kukasirika. Kabla ya simu mi nauliza kwanza, gari hili bado unalo? Kama hana nafunga faili. Huyo mwenye gari mpya ndo tunamhitaji sana kwa kweli, maana magari yanapoitwa kurudi kwa kasoro, mfano zile eabegi (mifuko ya hewa ya kukinga watu kwenye ajali) za kampuni ya Takata ambazo Marekani peke yake zilifika kama milioni 67, kazi ngumu ilikuwa kuwapata walionunua mkononi, na matengenezo yenyewe ni bure.

Na ridhaa. Machi 2024 magazeti ya hapa yaliandika jinsi General Motors ilivyokuwa inapeleka tabia za udereva za wateja kwa makampuni yanayouza taarifa kwa watu wa bima, mambo kama kufunga breki ghafla na mwendo, na watu wakapandishiwa bima bila kujua sababu. Januari 2025 tume ya biashara ya serikali, FTC, ikatangaza kuwazuia miaka mitano wasipeleke taarifa hizo kwa makampuni ya namna hiyo. Mi wateja wangu nawaonyesha kwenye apu yao wenyewe, hiki ni cha afya ya gari, hiki ni cha udereva wako, hiki cha pili zima ukitaka na sevisi yako haipungui kitu. Watu wa mauzo hawapendi sana nikisimama pale dakika kumi na mteja ila huyo mteja anabaki.

Mafundi wa mtaani nao wana hoja, kwamba na wao wazipate taarifa hizi, na naiunga mkono ingawa nakula kwa dila. Jimbo la Massachusetts mwaka 2020 wapiga kura karibu asilimia 75 walisema taarifa hizi zifunguliwe hata kwa gereji huru akitaka mwenye gari. Sawa kabisa, gari ni lake. Tushindane kwa kazi.

Sasa nyumbani. Gari la mkononi kutoka Japani ukilitoa bandarini Dar au Mombasa, huduma zake za kule kwa kawaida hazifanyi kazi huku, usitegemee. Hata hapa Marekani AT&T (kampuni ya simu) walipozima mtandao wao wa zamani wa 3G Februari 2022 magari mengi yalinyamaza. Lakini kama una gereji na una wateja wenye daladala, malori au gari za ofisi, wengi wana traka tayari, kile kifaa cha kufuatilia gari, na traka inajua kilomita. Muombe mwenye gari akutumie kilomita kila Jumatatu, kwa WhatsApp tu, andika kwenye jedwali na oili ya mwisho ilibadilishwa kilomita ngapi. Zikibaki kilomita mia tano kufika ya kubadilisha tena mpigie, mwambie lete Alhamisi mchana gari likiwa limepaki, na umwambie oili gani utaweka na shilingi ngapi.