Kifundo cha mkono kilikuwa kinaniua kwenye VR, sasa freshi

Wakuu, kama unarusha chombo kwenye Elite Dangerous (gemu ya kurusha vyombo vya anga za juu) na miwani ya VR, ile inayofunika macho ujione uko ndani ya gemu, halafu kifundo cha mkono kinawaka moto, pitia hapa. Nilijaribu pedi ya kawaida ya kuchezea gemu, nikabadili joistiki (fimbo ya kuongozea chombo), nikaweka mto chini ya kiwiko, wapi! Kilichosaidia ni kuitoa joistiki mezani kabisa, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapa Majengo, Dodoma, akanitengenezea vishikio viwili vya chuma vya kufunga ubavuni mwa kiti, joistiki kulia, throto (mkono wa kuongeza na kupunguza kasi) kushoto, usawa wa paja. Kimo ndo kila kitu: kiwiko kilale kwenye egemeo la kiti, kifundo kibaki kimenyooka, hata sentimita 2 juu zaidi maumivu yanarudi. Halafu ukivaa miwani huoni kibodi, kwa hiyo nikabandika kipande cha msasa kwenye kitufe cha kushusha miguu ya kutua, kidole kinakipata chenyewe.